Kisa cha Visby: manowari ya nyuzi za kaboni na matundu yake

Ililetwa karakanani kwetu Igombe, Mwanza, boti ya doria ya mita 9, mali ya ofisi moja ya umma, ikiwa na lalamiko dogo tu: sitaha ya mbele inabonyea ukiikanyaga. Injini nzima, mkuku mzima, rangi bado inang'aa. Kijana wangu wa kazi akapiga magoti akaanza kuigonga sitaha kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri, kutoka omo kurudi nyuma. Ko, ko, ko. Alipofika karibu na mguu wa mlingoti wa taa sauti ikabadilika. Pu, pu.

"Fundi, hapa panalia kama debe la unga."

Tukatoboa tundu la milimita 5. Maji yakachuruzika, ya kahawia, yananuka kama siki.

Boti ile ilijengwa kwa mtindo ambao mafundi tunauita sandwichi: ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake kiini chepesi, pale ikiwa ni mbao ya balsa. Mlingoti ulikuja baadaye, boti ikiwa tayari kazini. Aliyeufunga alipitisha bolti nne moja kwa moja, bila kuzungushia tundu kitu kigumu cha kubeba mbano. Bolti zikakazwa, balsa ikapondeka, gundi ya kuzibia ikachoka, ziwa likaingia ndani. Tulipofungua tukakuta karibu mita tatu za mraba za sitaha zimeoza. Bolti nne tu.

Kazi ile ndiyo iliyonirudisha kwenye meli moja ya kivita ya Uswidi ambayo nimeisoma kwa muda mrefu, korveti, yaani manowari ndogo, iitwayo Visby. Bodi yake nzima ni sandwichi. Ilishushwa majini tarehe 8 Juni 2000, lakini meli za kwanza za aina yake zilikabidhiwa kwa jeshi la majini tarehe 16 Desemba 2009. Na hata hapo, mbili zilizokabidhiwa zilikuwa wadogo zake, Helsingborg na Härnösand. Miaka 9 na nusu kati ya meli ya kwanza kugusa maji na za kwanza kupokelewa kazini. Nataka kukichambua kisa hiki kama fundi, kwa sababu naamini kinaeleza kile kile kilichoiua sitaha ya boti yetu, ila kwa ukubwa wa taifa.

Bahari ya aina gani

Mtu wa Mwanza anaweza kuielewa Bahari ya Baltiki upesi kuliko mtu wa Dar es Salaam. Ziwa letu, Victoria, lina wastani wa kina cha mita 40 hivi, Baltiki kama mita 55. Zote mbili ni maji mapana yasiyo na kina kirefu, yenye visiwa na miamba kila upande. Ukitoka Mwanza kwenda Ukerewe unajua maana ya kuendesha chombo ukiwa na jiwe kushoto na kichanga kulia. Sasa fikiria funguvisiwa la Stockholm, lenye visiwa na vijisiwa karibu 30,000.

Maji ya kule yana chumvi kidogo, na hayachanganyiki sawasawa. Yamekaa kwa matabaka, mepesi juu, mazito chini, na sauti ikipita humo inapinda. Nyambizi ikijificha chini ya tabaka, sona, kifaa cha kusakia vitu majini kwa sauti, iliyo kwenye bodi ya meli inaweza kupita juu yake bila kuisikia. Waswidi hawakujifunza hilo vitabuni. Tarehe 27 Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti, S-363, ambayo wao waliiita U 137, ilipanda mwamba karibu na Karlskrona, mji wenye kituo kikuu cha jeshi lao la majini tangu 1680. Asubuhi wenyeji wakaiona imekaa juu ya mawe, jirani kabisa na mlango wa nyumba yao.

Kwa hiyo walihitaji chombo cha pwani kinachoweza kusaka nyambizi, kutafuta mabomu ya majini, kupiga meli nyingine, kupita kwenye maji mafupi, na zaidi ya yote kisionekane. Hayo yote ndani ya meli moja yenye watu 43.

Bodi

Faiba kwenye meli za kivita haikuanzia hapo. Waingereza walishusha Wilton mwaka 1972, meli ya kutafuta mabomu ya majini iliyojengwa kwa faiba ya glasi. Waswidi walichukua njia ya sandwichi na kuifanyia kazi kwa subira kwenye meli zao za kutafuta mabomu ya majini, aina ya Landsort, katika miaka ya 1980. Halafu wakajenga meli ya majaribio, Smyge, iliyoshuka majini 1991, wakaitumia kujaribu maumbo ya kuikwepa rada pamoja na pampu za kusukuma meli kwa maji badala ya propela. Ndipo mwaka 1995 wakaagiza Visby kwenye karakana ya Kockums, pale pale Karlskrona.

Napenda utaratibu huo. Hawakuruka ngazi.

Vipimo vyake ni hivi: urefu mita 73 kasoro kidogo, upana mita 10.4, inazama majini mita 2.4 tu, na uzito wake ni tani 640. Anayetaka kuona maana ya tani 640 aikumbuke MV Mwanza pale Mwanza Kusini, iliyoshushwa majini Februari 2023: urefu mita 92.6, upana mita 17, uzito takriban tani 3,500. Najua moja imejengwa kubeba abiria 1,200 na nyingine kubeba makombora, kwa hiyo haziwezi kupimwa kwenye mzani mmoja. Lakini mtu aliyesimama pale bandarini akiangalia chuma kile atashangaa kusikia kuwa meli inayoikaribia kwa urefu ina chini ya moja ya tano ya uzito wake. Wajenzi wa Visby wanasema bodi yake ina karibu nusu ya uzito wa bodi ya chuma ya kawaida.

Wepesi huo ndio unaoipa mbio. Ina injini nne za tabo za gesi, jamii ya injini za ndege, zenye jumla ya megawati 16, na injini mbili za dizeli zenye megawati 2.6 kwa safari za polepole. Zote zinaendesha pampu mbili zinazovuta maji chini ya bodi na kuyatapika nyuma. Kwa dizeli inakwenda noti 15 kimya kimya. Tabo zikiwaka inapita noti 35, yaani kilomita 65 kwa saa. Kwa kuwa haina propela inayoning'inia chini, inaingia kwenye maji ambayo meli ya ukubwa wake ingeyaogopa.

Ngozi zake ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa na resini ya vinilesta, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, na kiini chake ni povu gumu la PVC. Kwa nini kaboni na si glasi tunayotumia sisi? Ugumu ni sababu mojawapo, lakini ipo nyingine ambayo mafundi wengi hawaijui. Faiba ya glasi haizuii mawimbi ya rada. Wimbi linapita kwenye bodi kama mwanga kwenye kioo, linakutana na injini ndani, linarudi kumwambia adui kuna chuma hapa. Nyuzi za kaboni zinapitisha umeme, kwa hiyo wimbi haliingii. Linagonga ngozi na kurudi, na linakorudi linaamuliwa na umbo la ngozi. Ndiyo maana Visby imechongwa kwa bapa kubwa zilizoinama, kama jiwe lililokatwa kwa panga, ili wimbi litupwe pembeni lisirudi lilikotoka. Wajenzi wake wametangaza kuwa rada huiona kwa umbali wa kilomita 22 bahari ikiwa shwari, na kilomita 13 bahari ikichafuka.

Bapa hizo zinatengenezwa kwa kufyonza hewa. Unapanga vitambaa vikavu mezani, unavifunika kwa plastiki, unatoa hewa yote kwa pampu, kisha unafungua bomba la resini na yenyewe inanyonywa hadi kila kona. Sisi Igombe bado tunapaka kwa brashi na rola. Tunaanza saa 12 alfajiri, maana ikifika saa 5 jua la hapa linaigandisha resini ndani ya ndoo kabla hujamaliza mita moja. Kwa brashi mkono wa fundi ukichoka resini inajaa mahali na kupungua pengine. Kwa kufyonza, uzi unabana na resini inaingia kwa kiasi kile kile kila sehemu. Mara moja tulijaribu kwenye mlango wa sanduku la samaki, plastiki ikavuja mahali padogo kama tundu la sindano, na ubao mzima ukatoka na mapovu. Hebu fikiria kufanya hivyo kwa meli ya mita 73.

Matundu

Hapa ndipo kisa kinapokolea. Meli isiyoonekana kwa rada haitakiwi kuwa na kitu kinachochomoza. Kwenye boti zetu kila kitu kiko nje: nanga, kamba, mlingoti, taa, spika. Kwenye Visby kila kitu kimefichwa ndani, na kila kilichofichwa kinahitaji mlango. Makombora ya kupiga meli yamelala chini ya sitaha na hutokea kwenye vifuniko vya ubavuni. Torpedo nazo zina vifuniko vyake. Bomba la mzinga wa milimita 57 hulazwa ndani ya kibanda chake na kuinuka tu unapotaka kupiga. Moshi wa tabo unatolewa nyuma, karibu kabisa na maji, ili joto lake lisionekane kwa mbali.

Kwa maneno mengine, meli ile imejaa matundu kuliko manowari ya chuma ya rika lake. Na tundu kwenye sandwichi si tundu kwenye chuma.

Nitaeleza kwa boti yetu. Ukitaka kutoboa sandwichi vizuri, unaondoa kiini kuzunguka mahali pa bolti, unajaza kwa resini nzito au unaweka kipande kigumu, unaacha kikauke, ndipo unatoboa katikati ya kile kigumu. Tundu linakuwa na ukuta wake, maji hayaoni kiini. Kama ni mlango mkubwa, ukingo wote unazungushwa hivyo, na nguvu iliyokuwa inapita kwenye eneo ulilokata inapaswa kutafutiwa njia nyingine pembeni. Kwa kaboni kuna la ziada: alumini ikigusana na kaboni kwenye maji ya chumvi, alumini inaliwa upesi, kwa hiyo kila kifungio lazima kitenganishwe nayo. Na kwa meli ya siri kila kifuniko lazima kifunge bapa kwa bapa bila mwanya, maana mwanya ukibaki rada inaona mstari.

Kazi hiyo yote ni rahisi ukiifanya kabla, bodi ikiwa bado mezani. Ukiifanya baadaye inakuwa upasuaji.

Mtu wa chuma akibadili mawazo anachukua gesi anakata, analeta sahani anachomelea, jioni amemaliza. Mtu wa sandwichi akibadili mawazo anasaga ngozi kwa mteremko mrefu, anachimba kiini, anajaza, anangoja joto na ukavu unaotakiwa, anapanga upya tabaka kwa tabaka. Akiharakisha, miaka miwili baadaye kijana atapiga magoti na nyundo na kusikia pu.

Miaka 9 na nusu

Sasa tuone mawazo yalivyobadilika kule Karlskrona. Awali Waswidi walifikiria aina mbili za meli, ndogo na kubwa. Vita Baridi vikaisha, Umoja wa Kisovieti ukavunjika 1991, fedha za ulinzi zikapunguzwa, na aina mbili zikaunganishwa kuwa moja inayobeba kazi zote. Meli ya sita, iliyokuwa iitwe Uddevalla, ikafutwa zikabaki tano. Karakana yenyewe ikabadilisha wamiliki: 1999 Kockums ikaingia mikononi mwa karakana ya HDW ya Ujerumani, 2005 ikawa chini ya kampuni ya ThyssenKrupp, na 2014 ikarudi Uswidi kwa kampuni ya Saab.

Ndani ya meli nako mambo hayakutulia. Kulikuwa na banda la helikopta kwenye michoro. Likaonekana finyu mno, likaondolewa, ikabaki sitaha ya kutulia tu. Makombora ya kujikinga na ndege yalipangwa, yakafutwa 2008. Zile meli mbili zilizokabidhiwa 2009 ziliitwa toleo la 4, na zilikuwa bado hazina makombora ya kupiga meli wala uwezo kamili wa kuharibu mabomu ya majini. Hayo yalikuja na toleo la 5, na meli ya mwisho ilikamilishwa 2015, miaka 20 baada ya oda ya kwanza. Tena mwaka 2023 Uswidi ikaamua kurudisha kile kilichofutwa 2008: zitawekewa makombora ya CAMM ya kujikinga na ndege. Maana yake matundu mapya kwenye bodi iliyokwisha kukauka zamani.

Wapo wanaosema Visby ilichelewa kwa sababu nyuzi za kaboni zilikuwa jambo geni. Sikubaliani nao. Bodi ndiyo iliyokamilika mapema kuliko kitu kingine chochote, na imekaa vizuri. Meli hizo sasa zinafanyiwa ukarabati ili zitumike hadi baada ya 2040. Kilichochelewa ni uamuzi wa nini kitakaa ndani yake. Walimwaga resini kabla hawajamaliza kubishana, na nyenzo waliyoichagua haisamehi mabishano ya baadaye.

Ataniuliza mtu: mbona hata meli za chuma zinachelewa? Tumeishi na jambo hilo hapa Mwanza, tumeiona meli yetu ikielea gatini muda mrefu mafundi wakiendelea kuiunga ndani. Ni kweli, fedha na mikataba inachelewesha chombo cha nyenzo yoyote. Lakini chuma kinakuachia nafasi ya kukosea na kurekebisha kwa bei ya chuma. Kwenye sandwichi kila kosa unalipa mara tatu: kubomoa, kukausha, kujenga upya.

Na lipo jambo ambalo mtetezi wa faiba hapaswi kulikwepa, nami ni mtetezi wake. Moto. Tarehe 19 Novemba 2002 meli ya Norwei ya kusafisha mabomu ya majini, Orkla, iliyojengwa kwa faiba ya sandwichi, ilishika moto ikateketea na kuzama. Mabaharia waliokoka. Chuma kikipata moto kinapinda lakini kinabaki ukuta. Resini ikipata moto inalainika, kisha yenyewe inakuwa kuni. Nilipoisoma habari hiyo niliagiza mafundi wangu waache kupitisha bomba la mafuta kwenye chumba kisichofungwa, na sijarudi nyuma. Sisi watu wa ziwa hili tumezika watu wengi mno, MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hatari ndogo ni ndogo.

Kazini, Visby imefanya ilichojengewa. Oktoba 2014, Waswidi walipoamini kuna chombo cha kigeni chini ya maji kwenye visiwa vya Stockholm, ilikuwa miongoni mwa meli zilizotumwa kusaka, ikipita polepole kati ya visiwa vyenye nyumba za likizo. Hawakukamata kitu, lakini waliweza kupita pale, na pembe zile zilikuwa kwenye magazeti ya dunia nzima. Tangu tarehe 7 Machi 2024 Uswidi ni mwanachama wa NATO, na meli hizi ndogo za pwani sasa zinafanya kazi bega kwa bega na meli kubwa za wenzao.

Ramani ya bolti

Turudi Igombe. Tuliikata ngozi ya juu ya ile boti kwa msumeno wa diski, tukaibandua kama ganda la chungwa, tukaikwangua balsa yote iliyooza kwa patasi. Ilitoka kama majani ya chai yaliyokwisha chemshwa. Tukaacha ukavu uingie siku kumi chini ya turubai, kisha tukaweka kiini kipya cha povu.

Kabla ya kulaza kitambaa cha kwanza nilimwita kepteni wa boti na mtu wa ofisi yao. Nikawawekea mchoro wa sitaha mezani nikawaomba waweke alama kila mahali watakapofunga kitu, leo na miaka mitano ijayo. Mtu wa ofisi alisema hawana mpango wa kufunga kitu kingine. Kepteni alinyamaza kidogo, akachukua kalamu.

"Fundi, spika itakuja. Na antena ya redio, wakubwa wameshaahidi. Na injini ya pili wakipata fedha, betri itahamia mbele."

Akachora viduara sita. Kila kiduara tulikichimbia povu, tukakijaza resini iliyochanganywa na nyuzi zilizokatwakatwa, upana wa kiganja. Hatukutoboa hata kimoja. Tukafunika kwa ngozi mpya, tukapaka rangi, na upande wa chini wa sitaha tukaandika namba 1 hadi 6 kwa rangi nyekundu pamoja na vipimo kutoka ukingoni.

Miezi minane baadaye boti ilirudi kufungwa spika. Kijana aliingia chini ya sitaha na tochi, akatafuta namba 3, akapima, akatoka juu na kugonga kwa mpini wa nyundo kabla ya kuwasha drili. Ko, ko.